Mshauri wa Chaneli Moja

Alikuwa na sauti isiyohitaji redio. Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Manundu habari za Mshauri, hilo ndilo atakalokwambia kwanza, na atakwambia huku amejishika sikio. Akimwita muuza mkaa kutoka barazani kwake, wauza mkaa wa ng'ambo ya reli nao waligeuka. Na mwanamke huyu, kwa mpango wa Mungu ambaye naye ana utani wake, ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha watu wa Korogwe na Handeni kuzungumza kwa ufupi na kwa sauti ya chini.

Kazi yenyewe naieleza mapema tusije tukapotezana. Huku kwetu kuna maji na kuna moto. Upande wa Korogwe mto hufurika wakati wa masika ukaingia mashambani bila kubisha hodi. Upande wa Handeni kiangazi kikishika, majani hukauka yakawa kama karatasi, na mtu mmoja anayesafisha shamba lake kwa kiberiti huweza kusafisha na nyumba ya jirani. Katikati ipo barabara kuu, na barabara kuu ina mabasi yake na malori yake. Polisi walikuwa na simu zao za upepo, zimamoto wana zao, mgambo wa vijijini wana chache za kurithi, na zahanati zilitegemea simu ya nesi, kama ina salio na kama mtandao umeamka vizuri siku hiyo. Redio hizo hazikusikiana. Lori likipinduka, polisi walijua, zimamoto waliambiwa na abiria, na hospitali ilijua majeruhi walipofika mlangoni wamebebwa kwenye mikokoteni.

Basi ikakubaliwa pawepo mtandao mmoja wa redio, chaneli moja ya dharura ya watu wote: wa kuzima moto, wa kutibu na wa kulinda nchi. Akatafutwa mtu wa kuupanga. Akapatikana yeye, sajini mstaafu wa kikosi cha mawasiliano jeshini, akapewa cheo cha Mshauri. Kwa miaka yote niliyoishi naye ukuta kwa ukuta sikuwahi kuona mtu akimwomba ushauri. Yeye naye hakuwahi kusubiri kuombwa.

Alivaa dera na buti. Dera la maua makubwa, la kumwagika, na chini yake buti nyeusi za jeshi alizozing'arisha kila asubuhi kama mtu anayetarajia kukaguliwa. Watoto wa mtaa walimwogopa kuanzia magotini kwenda chini na kumpenda kuanzia magotini kwenda juu. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kali hivi kwamba wapita njia wakimwona mgeni wake barazani walidhani amepata msiba. Ramadhani alifunga kwa ukamilifu na kwa hasira. Katika karata aliiba, tena aliiba wazi, na ukimkamata alikwambia kwamba hiyo ni mbinu, na mbinu za ulinzi hazijadiliwi na raia.

Alipenda kusema kwamba maneno ni betri, ukiyamwaga yote asubuhi jioni utakuwa gizani. Alilisema hilo kwa saa nzima bila kupumua.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mtu aliyekuwa akiunganisha wilaya mbili alikuwa hapatikani. Simu yake ya mkononi aliiweka ndani ya kabati la vyombo, ikalia humo kati ya sahani mpaka ikachoka. Binti yake aliyeolewa Tanga alikuwa akinipigia mimi. "Kaka, naomba nigongee mama ukuta." Nami nagonga. Kutoka upande wa pili inakuja ile sauti, ukuta ukiwa si kitu, kwamba yuko kazini, na kwamba binti kama ana shida aeleze shida, kama hana basi wanawe wabusiwe. Nilikuwa nafikisha hata busu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiipokee tu.

"Simu ni ya watu wawili," akasema. "Dharura haina watu wawili. Mtu akizama mtoni, yule anayeweza kumwokoa si lazima awe yule mwenye namba yake."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na vingine nimejaribu kuviandika, lakini sijaona sentensi iliyonieleza kazi ya mtu vizuri namna hiyo. Alipoisema alikuwa anachomoa mfupa wa samaki kwenye meno.

Ramani ya mtandao wake aliipanga kwa vyombo vya jikoni. Alitandika mkeka barazani, akageuza sufuria kubwa kuliko zote chini juu na kuiita Mpale, maana Mpale iko juu milimani na kutoka kule unaiona nchi yote ya tambarare ikiwa imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Bakuli lilikuwa Korogwe, kawa lilikuwa Handeni, mwiko ulilala katikati ukawa barabara kuu, na mto ulikuwa khanga ya zamani iliyokunjwa kwa urefu. Shida yake ilikuwa kwamba redio ndogo ya Kerenge, kule chini ya milima, haikuweza kuifikia Handeni hata ukapiga kelele. Dawa yake ilikuwa mtambo wa kuweka juu ya sufuria, yaani juu ya mlima, unaopokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu. Mafundi huuita ripita.

Viongozi waliokuja kuangalia hawakuelewa, au walielewa lakini walitaka kuelezwa na mtu mwenye kompyuta. Mshauri akawaonyesha kidole nyumba ya kona, alipokaa mama muuza vitumbua.

"Mnamwona yule? Mnong'oneze jambo asubuhi, adhuhuri Old Korogwe nzima wanalo. Hiyo ndiyo ripita. Tofauti ni kwamba ripita haiongezi chumvi."

Walielewa papo hapo. Mama wa vitumbua naye alielewa, kwa sababu sauti ya Mshauri, kama nilivyosema, haikuwa na kizuizi. Hakumuuzia kitumbua hata kimoja mpaka mvua za vuli zikaisha, nami nikawa mtu wa kununua kwa siri na kupitisha juu ya ukuta.

Kisha yakaja majina. Kila kituo kilitakiwa kiwe na jina la kuitwa hewani, fupi, lisilofanana na lingine. Polisi wakaleta jina lao: Simba. Zimamoto wakaleta lao: Simba. Mgambo wa Kerenge walikaa kikao, wakachinja kuku, wakaja na Simba Mkuu. Mshauri akasema nchi haiwezi kulindwa na simba watatu ambao hawajui ni nani kati yao ameitwa. Akawanyang'anya usimba wote, akagawa mazao. Zimamoto wakawa Mkonge, hospitali ikawa Ndizi, mgambo wa Kerenge wakawa Mtama, zahanati yao ikawa Choroko, na polisi wakawa Muhogo.

Ofisa wa polisi alikuja mwenyewe barazani, akavua kofia, akaamkia. Alikuwa kijana mzuri, mpole, mwenye uchungu wa dhati. Akaeleza kwamba ana nyota begani na kwamba hajui atawatazamaje vijana wake huku akiitwa Muhogo.

Mshauri akamjazia chai. "Mwanangu, njaa imeingia Handeni mara ngapi? Na nani aliyesimama nayo mpaka ikaondoka? Ni askari au ni muhogo?"

Yule kijana akanywa chai, machozi yakamtoka kwa tangawizi, akavaa kofia akaenda zake. Wiki chache baadaye nilimsikia hewani akisema, "Muhogo anasikiliza," kwa namna ambayo ungedhani ameandikiwa jina hilo kwenye ukuta wa ikulu.

Nasema nilimsikia, maana sote tulisikia. Mshauri akiwa nyumbani, redio yake ilitoka kiunoni ikakaa barazani juu ya kigoda, imefunguliwa mpaka mwisho, na jioni watu walileta vigoda vyao kama wanaokuja kusikiliza mpira. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwepo siku ya zoezi la kwanza.

Zoezi lilikuwa rahisi. Mgambo mmoja alilazwa juu ya machela kando ya mto kule Old Korogwe ajifanye ameokolewa majini hajitambui. Nesi wa zahanati ya Kerenge, binti kutoka familia ya Kisambaa ya Mpale, aliyekuwa na adabu ya kumkosesha mtu raha, alisimama kando yake na redio yake mpya. Kazi yake ilikuwa kuita gari la wagonjwa. Akabonyeza kitufe.

"Choroko anaita Ndizi. Shikamooni."

Hapo ndipo mtandao wa dharura ulipokutana na sisi wenyewe. Salamu zetu ni kama njia ya kwenda Mpale, huwezi kufika juu bila kwanza kuuzunguka mlima. Na katika chaneli moja, ambamo wote wanasikia, shikamoo haijui imetumwa kwa nani. Mzee wa zimamoto akaitikia marahaba. Askari wa zamu, ambaye alikuwa na mvi, akaitikia marahaba. Dereva wa gari la wagonjwa naye akaitikia, na watu barazani wakaanza kubishana kama kweli amefikia umri huo. Akafuata Kamanda wa mgambo wa Kerenge, mzee aliyewapita wote, ambaye alimjua baba wa yule binti, na ambaye hakuona sababu ya kuiacha nafasi hiyo ipite. Akauliza hali ya baba, mguu wa baba, mahindi ya baba, na kama wale nguruwe pori bado wanasumbua. Nesi akajibu moja baada ya jingine. Angefanyaje? Mzee anakuuliza, unajibu.

Mgonjwa pale kwenye machela alisubiri kwa kadiri ya uzalendo wake. Kisha akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda kutafuta chai.

Mshauri alikuwa amekaa kimya muda wote ule, jambo ambalo peke yake lilitutisha. Alipochukua redio hakubweka. Alisema taratibu, "Vituo vyote, zoezi limekwisha. Mgonjwa amekufa kwa heshima."

Kesho yake akatoa amri. Hewani hakuna shikamoo, hakuna marahaba, hakuna habari za nyumbani wala za nguruwe. Taja jina la kituo, sema shida, funga kwa neno "ova", nyamaza. Atakayesalimia atanyang'anywa redio na atapewa filimbi.

Vijana walifurahi. Wazee walitii kwa shingo ngumu. Kamanda wa Kerenge hakutii kabisa. Alituma ujumbe kwa mdomo, kupitia dereva wa basi, kwamba yeye amelinda mpaka wa kijiji chake tangu Mshauri hajajua kufunga kamba za viatu, na kwamba mtu anayemwita mzee bila kumwamkia hana dharura, ana utovu wa adabu. Mshauri akarudisha jibu kwa dereva yuleyule, na dereva, kwa kuwa ni mtu wa busara, alilifikisha nusu tu. Alisema nusu ya pili isingeweza kupita kwenye basi lenye wanawake na watoto.

Nilidhani huo ungekuwa ugomvi wa wazee, wa kutuchekesha mpaka mmoja wao achoke. Halafu masika yakaingia.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, mvua imepungua imebaki ya kunyunyiza. Tulikuwa wachache barazani. Redio ikakoroma, ikatoka sauti ya yule nesi. Alisema kama alivyofundishwa, bila neno la ziada. Choroko anaita Ndizi: ana mama mwenye uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka, anahitaji hospitali. Ndizi akajibu kwamba gari limetoka na liko karibu. Tukapumua. Baada ya muda gari lenyewe likasema limefika kwenye kijito kabla ya zahanati, kijito kimejaa, maji yanapita juu ya daraja, na dereva hawezi kuvuka.

Kila mtu barazani alijua kilichobaki. Upande wa zahanati, shamba la pili tu, lilikuwepo trekta kubwa la magurudumu marefu, nalo lilikuwa chini ya Kamanda. Trekta lile lingeweza kuvuka maji yale likiimba.

"Choroko anaita Mtama," nesi akasema. "Nahitaji trekta la kumvusha mgonjwa. Ova."

Kimya.

"Choroko anaita Mtama."

Tukasikia kitufe kikibonyezwa. Redio inapobonyezwa bila neno hutoa mvumo kama wa karanga kwenye kikaango, na ndani ya mvumo ule mtu alikohoa. Tulimjua kwa kikohozi. Kisha kitufe kikaachiwa.

Alikuwepo. Alisikia. Alikuwa anasubiri.

Nesi akaita tena, na safari hii sauti yake ilikatika katikati, lakini hakutoa ile salamu. Alikuwa mwanafunzi bora wa Mshauri. Alikatazwa, naye alikatazika. Polisi wakaingia hewani kumwita Mtama. Zimamoto wakaingia. Wote walitaja jina la kituo, wakasema shida, wakanyamaza, kama sheria inavyosema, na kila mara tulijibiwa na kile kikohozi.

Nilimtazama Mshauri. Watu huandika kwamba uso wa mtu ulibadilika. Wa kwake haukubadilika. Alikuwa anaitazama redio kama mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata. Akafunga kamba ya buti iliyokuwa imefungwa tayari. Halafu akachukua redio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake haikufika kwa muuza mkaa.

"Shikamoo, Kamanda."

Mvumo wa karanga. Kisha: "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Baba. Tuna mzazi."

"Trekta linaingia zahanati sasa hivi," Kamanda akasema, na kweli nyuma ya sauti yake tukasikia injini ikinguruma. "Nililiwasha binti alipoita mara ya kwanza. Nilikuwa nasubiri adabu tu."

Mama yule alivuka, akafika hospitali, akazaa salama mtoto wa kike. Madereva wa gari la wagonjwa walipendekeza aitwe Ova. Mama akakataa kwa maneno ambayo sitayaandika.

Mshauri alikaa na redio magotini mpaka giza lilipoanza kuingia. Nilimletea maji, akayanywa. Nikadhani anahesabu aibu yake, maana wilaya mbili zilimsikia akivunja amri yake mwenyewe. Alipofungua mdomo alisema, "Yule mzee ana betri nzuri. Ulisikia sauti yake ilivyo safi?"

Juma lililofuata alipanda pikipiki akaenda Kerenge. Kwenye daraja la Old Korogwe alifumba macho, kama afanyavyo siku zote, kwani mwanamke huyu aliyepanga vita vyote dhidi ya mafuriko alikuwa anaogopa maji kuliko paka. Walichosemezana na Kamanda nilikisikia kwa nesi. Kwanza walikaa muda mrefu wakitukanana kwa upole, kwa Kizigua. Kisha Kamanda akasema jambo ambalo kila mtoto wa nyumba zetu analijua na hakuna mpangaji wa mitandao aliyelifikiria: ukimwamkia mtu asubuhi, hakudai tena mchana. Mkikutana kisimani baada ya hapo mnaulizana ndoo tu. Basi watu waamkiane hewani kila kunapokucha, vituo vyote, kwa raha zao, wamalize mpaka mguu wa baba. Baada ya hapo siku nzima ni ya shida.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi hewa yetu ilijaa marahaba. Mshauri akagundua faida yake haraka: kituo kisichoitikia asubuhi, ama betri yake imekufa ama mtu wake amelala, na yote mawili yalikuwa na dawa. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiwaeleza wageni jinsi alivyoibuni mbinu hiyo. Aliwaeleza hata mbele ya Kamanda. Kamanda alitazama juu kwenye dari na kuomba chai zaidi.

Sasa nifike kwenye kikao, maana ndiko alikojionyesha yeye ni nani hasa.

Mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja wala hakai tena huku, aliitisha kikao cha vyombo vyote vya mtandao. Alikuwa amesikia mambo mawili. La kwanza, kwamba trekta lilikaa kimya likisubiri kuamkiwa. La pili, kwamba mambo ya usalama yanasikilizwa kwenye baraza moja la Manundu, na wauza vitumbua. Nilikuwepo, kwa sababu mtu alihitajika kubeba sufuria.

Mkubwa aliongea vizuri na bila chuki. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ina mipaka, mipaka ina maadui, na chaneli ya ulinzi haiwezi kuchanganywa na uchungu wa kuzaa. Akapendekeza ibaki ya vyombo vya ulinzi peke yao. Zahanati zirudi kwenye simu zao. Mgambo wa vijijini, ambao nidhamu yao imeonekana, wanyang'anywe redio mpaka watakapofundishwa upya. Baadhi ya wanajeshi wastaafu waliokuwa wenzake Mshauri walitikisa vichwa kukubali. Kamanda alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini, akitazama sakafu. Nesi alikuwa ameishika redio yake kwa mikono yote miwili kama kifaranga.

Mshauri akasimama. Hakugeuza sufuria hata moja.

"Nimevaa magwanda maisha yangu," akasema. "Nimefundishwa kwamba adui ana bendera. Huku sijamwona mwenye bendera hata siku moja. Nimemwona anayetoka mtoni, na anayetoka kwenye majani makavu, na huwa hamfikii mkubwa kwanza. Anamfikia nesi. Anamfikia huyu mzee mwenye kiburi. Mkiwatoa hao, mtabaki na chaneli safi kabisa ya kuambiana msichokijua."

Mkubwa akauliza, kwa upole uleule, na lile baraza je? Hakuwa na kosa kuuliza. Hata mimi, niliyekuwa nimezikumbatia sufuria, nilikuwa nimejiuliza hilo.

Mshauri akaiangalia redio yake. Ilikuwa imefungwa kiunoni juu ya maua ya dera, mahali ilipokaa kila siku, ngozi ya mkanda imepata umbo lake. Kama kulikuwa na kitu alichokuwa anakipenda duniani, mbali na binti yake na kuiba karata, ni kile.

"Uchafu ni baraza langu," akasema. "Basi safisheni baraza."

Akaifungua kiunoni, akaiweka mezani mbele ya mkubwa, akatoka nje. Buti zake tulizisikia mpaka kwenye lami.

Hawakumtoa mtu mwingine. Ni vigumu kumnyang'anya nesi redio wakati ya mwenye mtandao imelala mezani mbele yako, bado ina joto la kiuno. Mkubwa akasema jambo hilo liangaliwe baadaye, na kwa utawala wetu "baadaye" ni mahali salama sana. Kamanda alisimama mlangoni kwa muda, akavaa kofia, akavua, kisha akanipokea nusu ya sufuria.

Mwezi haukuisha Mshauri alirudi kwao Handeni. Bila redio baraza lilikuwa kimya, na hakuwa mtu wa kuishi na kimya. Mama wa vitumbua alilia waziwazi siku ile, akasema ni moshi.

Nilikwenda kumwona kiangazi kilichopita. Nyumba yake iko nje kidogo ya Chanika, njia ya Kideleko, kwenye mwinuko, na mbele yake nchi imekaa kavu, ya rangi ya chai ya maziwa, mpaka macho yanachoka. Alikuwa amepungua. Dera lilikuwa lilelile na lilimzunguka mara mbili. Nilimwamkia kutoka uani, hakuitikia. Nikamwamkia tena karibu zaidi. Akaniambia sikio moja limekufa na la pili liko matibabuni, na kwamba niketi upande wa lile la matibabuni. Akaanza kunieleza makosa ya serikali kwa mpangilio wa wizara.

Tulikuwa hatujamaliza wizara ya pili nilipoona moshi. Ulitoka nyuma ya vilima, kule kwenye mashamba, kwanza uzi, kisha kamba, kisha mnene na mweusi, na upepo ulikuwa unausukuma kuelekea kwenye mapaa ya bati ya kijiji cha chini.

Yeye alikuwa ameuona kabla yangu. Alisimama. Mkono wake ulikwenda kiunoni, ukashika dera, ukabaki hapo. Akanitazama, akaitazama njia, akafungua mdomo kwa namna niliyoijua, akivuta pumzi ya kuita kutoka mlima hata mlima. Nikatoa simu yangu. Nilikuwa natafuta namba ya kumpigia na sikujua ni ya nani.

Kabla sijaipata, gari la maji la zimamoto likapita chini yetu kwa kasi, vumbi likasimama kama ukuta. Nyuma yake likaja gari la wagonjwa. Nyuma yake pikipiki za mgambo, wawili wawili, waliokaa nyuma wakiwa na majembe na matawi mabichi mabegani. Ofisa wa polisi alikuwa amekwishafika njia panda na alikuwa analisimamisha basi la abiria. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyegeuza shingo kuitazama nyumba yetu. Walipita tu, wakaingia nyuma ya vilima, vumbi likaanza kukaa chini.

Mshauri akabaki amesimama, pumzi yake kifuani, haijatumika.

"Hawakuniuliza," akasema.

Nikamwambia hapana, hawakumuuliza.

Akaketi polepole, akavuta kikombe chake. "Gari la wagonjwa limekaa karibu mno na la maji. Likitaka kugeuza litageuzia wapi? Na yule kijana wa njia panda angesimama juu zaidi, aonekane. Nani amepanga ujinga ule?"

Aliwakosoa mmoja mmoja kwa jina la zao lake, na sikumkatiza, kwa sababu nilikuwa naangalia kule. Ilichukua muda. Moshi ulilala, ukasimama tena, ukalala. Halafu rangi yake ikaanza kugeuka kutoka chini, kama moshi unavyogeuka maji yakiupata.

Nikainama kwenye lile sikio la matibabuni. "Mama, moshi umekuwa mweupe."

"Nauona," akasema. "Mabovu ni masikio."